Upepo wa tairi haumo kwenye mizania

Mnunuzi wa hisa za kampuni ya usafiri kwa kawaida huangalia mambo matatu: faida ya mwaka, gawio na madeni. Akifika kwenye fungu la matengenezo na kukuta limepungua kuliko mwaka uliotangulia, hufurahi. Menejimenti nayo hulieleza punguzo hilo kuwa ni kubana matumizi, na mara nyingi ni kweli. Lakini zipo nyakati ambapo punguzo hilo ni deni, tena deni lisilo na mkopeshaji wa kulidai mapema, na ndiyo maana mizania hailionyeshi. Kwa kuwa wasomaji wengi wa kanda hii sasa wanaweza kununua hisa za ndege (Kenya Airways iliingia Soko la Hisa la Nairobi mwaka 1996 na Precision Air ikaingia la Dar es Salaam mwaka 2011), inafaa suala hili litazamwe kwa mfano wa mbali ambao hauzihusu kampuni hizo kwa namna yoyote.

Mfano wenyewe ni wa ndege aina ya DC-8 ya kampuni ya Nationair ya Canada, iliyoanguka Jeddah tarehe 11 Julai 1991. Ndege hiyo ilikuwa imekodishwa, pamoja na wafanyakazi wake, ili kuwasafirisha mahujaji kwa niaba ya Nigeria Airways. Siku hiyo ilikuwa ikiwarudisha Sokoto abiria 247. Walikufa wote, pamoja na wafanyakazi 14.

Chanzo kilikuwa upepo wa tairi. Siku nne kabla ya ajali, matairi mawili yalikuwa yamekwisha kuonekana kuwa chini ya kiwango kinachoruhusu ndege kuruka. Tairi la ndege hujazwa naitrojeni, wala si upepo wa kompresa ya gereji, na pale uwanjani naitrojeni haikupatikana kwa urahisi. Kuisubiri kulimaanisha kuchelewesha safari, na katika msimu wa hija safari moja ikichelewa huziburuta nyingine zote. Mafundi walijua hali ya matairi. Meneja wa mradi naye alijua, akaamua ndege iondoke hivyo hivyo. Wachunguzi walikuta kwamba meneja huyo hakuwa na mafunzo ya kumwezesha kuamua kama ndege inafaa kuruka, na kwamba waliokuwa na mafunzo hayo, ambao walikuwa na nafasi ya kuirekebisha hali hiyo, hawakufanya hivyo.

Mwenye lori la tairi pacha anaelewa bila kufundishwa kilichofuata. Tairi namba 2 lilikuwa limelegea, kwa hiyo mzigo wake ukabebwa na jirani yake namba 1 kwenye ekseli hiyo hiyo. Ndege ilitembea umbali mrefu ardhini kutoka maegesho hadi njia ya kurukia, matairi yakazidi kupata joto. Katika mbio za kuruka namba 1 likapasuka, na namba 2 likafuata. Gurudumu likaacha kuzunguka, rimu ikasuguana na njia hadi mabaki ya mpira yakashika moto. Marubani, ambao hawakuwa na kifaa cha kuwaonya juu ya moto katika chumba cha magurudumu, waliyakunja magurudumu kama ilivyo kawaida, na moto ukaingizwa tumboni mwa ndege. Walichokiona mbele yao ni msururu wa hitilafu zisizofanana, kwanza shinikizo la hewa ya ndani, kisha mfumo wa haidroliki. Waligeuza kurudi. Ndege ilianguka ikiwa imebakiza kilometa zisizotimia 3 kuufikia uwanja.

Tukio hili likitazamwa kibiashara, gharama ya kusubiri naitrojeni ilikuwa dhahiri: saa kadhaa, ratiba kuvurugika, simu za wateja wenye hasira. Yote yangeandikwa siku ile ile, na jina la aliyechelewesha likajulikana. Gharama ya kutosubiri haikuwa na mahali pa kuandikwa. Katika mpangilio wa namna hiyo, meneja yeyote anayepimwa kwa ratiba atachagua ratiba, na kumlaumu yeye peke yake ni kuwasamehe waliompa kipimo hicho.

Nationair ilianzishwa mwaka 1984, ikakua hadi kuwa ya tatu kwa ukubwa nchini Canada, na ilifilisika mwaka 1993. Isingekuwa haki kusema kwamba matairi pekee ndiyo yaliyoizamisha, maana ilikuwa pia na mgogoro mrefu wa kazi na wahudumu wake wa ndani ya ndege, na madeni juu. Hata hivyo, kampuni inayouza safari za kukodi huuza imani, na ile iliyopotea Jeddah haikuwa na bima.

Watetezi wa menejimenti husema kwamba ukisimamisha ndege kwa kila kasoro hutakuwa na biashara. Hoja hiyo ina uzito, na kanuni za anga zenyewe huruhusu baadhi ya kasoro kusubiri. Ila kasoro hizo huorodheshwa mapema na wahandisi, wakiwa ofisini, na kila moja huwekewa ukomo wake. Haziamuliwi na mtu mwenye haraka aliyesimama chini ya bawa.

Wapo waliochagua njia nyingine. Mwaka 2007, shirika la SAS la Skandinavia, ambalo hisa zake wakati huo ziliuzwa Stockholm, Copenhagen na Oslo, lilipata ajali tatu za miguu ya ndege zake za Q400. Mbili zilitokea mwezi Septemba, zikapishana kwa siku tatu, kutokana na kutu katika sehemu ya mfumo wa magurudumu. Ya tatu, ya tarehe 27 Oktoba, ilitokana na kipete cha mpira kilichokwama ndani ya vali. Hakufa mtu. Kesho yake SAS ilitangaza kuziondoa kazini moja kwa moja ndege zote 27 za aina hiyo, na safari nyingi zikafutwa. Mwezi Machi 2008 ikakubaliana na watengenezaji fidia iliyozidi kidogo krona bilioni 1, kisha ikaagiza ndege nyingine 27 kutoka kiwanda kile kile. Hasara ilikuwa kubwa, lakini ilihesabika, na mwanahisa aliweza kuisoma.

Mwanahisa mdogo hawezi kwenda kupima upepo wa tairi. Anaweza kuuliza ni nani mwenye saini ya mwisho ya kuizuia ndege, au basi, au meli, na kama mtu huyo anawajibika kwa mkuu wa biashara au kwa bodi yenyewe. Anaweza pia kutaka kujua ni mara ngapi saini hiyo imetumika kwa mwaka. Jibu la "hata mara moja" lisimfurahishe haraka. Swali hilo halimo katika ajenda za kawaida za mkutano mkuu wa mwaka, lakini kipengele cha mengineyo kipo.