Kabla ya Reli Isiolo, Tuonyesheni Karakana

Tangu Machi 2012, Rais Mwai Kibaki alipozindua mradi wa LAPSSET wa bandari, barabara na reli kule Lamu akiwa na Salva Kiir wa Sudan Kusini na Meles Zenawi wa Ethiopia, wakazi wa Isiolo wameahidiwa reli. Barabara ya Moyale ilikamilika. Gati la kwanza la Lamu lilifunguliwa Mei 2021. Ng'ombe na ngamia wetu bado wanapanda malori. Treni itakuja lini tumeuliza vya kutosha. Leo tunauliza itavutwa na kichwa gani, na nani atakitengeneza kikigoma.

Rekodi yetu ya vichwa vya dizeli haituruhusu kunyamaza. Kuanzia 1960 tulivipata kutoka English Electric ya Uingereza, kampuni iliyomezwa na GEC mwaka 1968. Mwaka 1971 Shirika la Reli la Afrika Mashariki likapokea vya daraja la 92 kutoka Montreal, vyenye injini ya ALCO 251. ALCO yenyewe, kule Schenectady, ilikuwa imeacha kuunda vichwa vya treni tangu 1969! Injini hiyo haikuwa mbovu, kwani Wahindi waliendelea kuiunda Varanasi kwa miongo kadhaa. Lakini mwenye kununua mashine ya kutumika miaka 40 hana budi kujua spea zitatoka wapi aliyeibuni akishafunga duka.

Daraja la 93 ni habari nyingine. Vichwa hivyo 26 vya U26C viliundwa na General Electric ya Marekani mwaka 1978, Kenya Railways ikiwa bado changa. Injini yake ina silinda 12 na turbo inayoishindilia hewa, na turbo hapa si anasa: reli inayoanzia ufukweni Mombasa hupanda hadi zaidi ya mita 2,700 Timboroa, kwenye hewa nyepesi inayoifanya injini isiyo na turbo kuishiwa nguvu mlimani. Baadhi ya vikongwe hivyo vimeendelea kuvuta mabehewa hadi karne hii. GE haikuitupa familia hiyo ya injini, spea zikaendelea kupatikana, na mafundi wa Nairobi wakapata muda wa kuizoea.

Uzoefu huo tumeuchezea. Kampuni ya Rift Valley Railways (RVR) walikabidhiwa reli 2006, wakaleta vichwa vikuukuu vilivyokarabatiwa Marekani, na kufikia 2017 mkataba wao ulikuwa umevunjwa. Mwaka huohuo reli mpya ya SGR ilianza na vichwa vya DF8B vya China, vinavyotembea kwenye reli ya upana wa milimita 1,435. Reli ya zamani, ambayo tawi lake moja linaishia Nanyuki, ina milimita 1,000. Kichwa cha huku hakiwezi kukanyaga kule, wala pistoni ya huku haiingii kule. Isiolo, kilomita 80 hivi kutoka Nanyuki, imo kwenye ramani ya reli pana ya LAPSSET. Msishangae tukiletewa ukoo wa tatu wa injini, pengine kwa sababu tu mkopeshaji ana kiwanda.

Hukumu yetu ni kwamba serikali haijastahili kuaminiwa na kichwa kingine kipya. Kwanza itangaze aina ya injini, ahadi ya spea kwa maandishi, na bei yake. Karakana ijengwe Isiolo, na vijana wetu waanze kufunzwa kazi ya dizeli kabla ya taruma la kwanza kulazwa. Mkataba usiotaja haya, wabunge wa kaunti hii waupinge hadharani, hata kama chama chao kimeagiza vingine.