Hifadhi Yenye Miti, Isiyo na Maji Yake

Mwaka 1908 jimbo la Queensland, Australia, lilitangaza hifadhi yake ya kwanza ya taifa: Witches Falls, hekta 131 za msitu kwenye ubavu wa Mlima Tamborine, kusini mwa Brisbane. Leo hicho ni kipande kimoja tu cha Hifadhi ya Tamborine, ambayo imetawanyika katikati ya mashamba, nyumba na migahawa. Aliyezoea Serengeti atacheka. Lakini humo mna mikuyu inayokaba miti mingine hadi kuiua, na maporomoko ambayo wakati wa kiangazi hubaki mwamba mtupu.

Mpaka wa hifadhi ulichorwa kuzunguka miti. Maji hayakufikiriwa. Kilele cha mlima huo ni miamba ya volkano ya zaidi ya miaka milioni 20. Mvua hupenya kwenye nyufa zake, hukaa chini, kisha hutokea kama chemchemi zinazolisha vijito vya msituni. Akiba hiyo iko pia chini ya viwanja vya watu, na mwenye kisima huchota.

Mlimani hapana bomba la mji. Wakazi huishi kwa matangi ya mvua na visima, huku kampuni zikijaza maboza yanayopeleka maji kwenye viwanda vya chupa. Katika ukame wa 2019 shule moja ya mlimani iliishiwa maji, ikaletewa kwa boza, huku maboza ya biashara yakiendelea kushuka yamejaa. Mwaka 2020 serikali ya jimbo ilisimamisha miradi mipya ya kuchota maji ya ardhini kwa biashara. Waliokuwa kazini tayari wakaendelea.

Watetezi wa kampuni husema wakulima huchota zaidi. Sawa, ila maji ya shambani kwa sehemu hurudi ardhini. Ya chupa huondoka mlimani moja kwa moja. Na ikiwa wachotaji ni wengi, hiyo ni sababu ya kuwapima wote, si ya kumwacha mmoja.

Kusimamisha wapya hakutoshi. Kila kisima cha biashara na cha shamba kifungwe mita, na kina cha vijito ndani ya hifadhi ndicho kiwe kipimo. Kikishuka, maboza yasimame kwanza, mashamba yapunguze, nyumba na shule ziguswe mwisho. Wenye vibali vya zamani watadai hasara. Walipwe fidia, lakini wasimame.