Bao moja lisitupeleke kaburini

Kufungwa kunauma. Kufungwa bao moja kwa bila na wale wanaotutania wiki nzima sokoni na kazini kunauma zaidi. Mpenzi wa mpira anayetoka uwanjani amenuna hatumlaumu: amenunua tiketi yake, ameimba hadi sauti imekauka, na akitaka kusema mwamuzi ametuibia, aseme. Lubumbashi siku ya Mazembe na Lupopo, Kinshasa siku ya Vita na Motema Pembe, hasira hiyo ndiyo chumvi ya mchezo. Shida inaanza pale mkono unapookota jiwe.

Tarehe 11 Mei 2014, AS Vita Club ilipokea TP Mazembe kwenye uwanja wa Tata Raphaël, Kinshasa, katika mechi za mwisho za kumtafuta bingwa wa Linafoot. Mechi ilikuwa ngumu kwelikweli. Mazembe wakaongoza kwa bao moja, na dakika zilipokuwa zinakwisha baadhi ya wapenzi wa Vita wakaanza kurusha vitu. Polisi wakajibu kwa gesi ya kutoa machozi. Watu wakakimbilia milangoni, wakakanyagana. Watu 15 walikufa, wengine zaidi ya 20 wakaumia.

Na sisi wa mashariki tusijidanganye kwamba hayo ni mambo ya Kinshasa. Septemba 2008, mjini Butembo, jimbo la Kivu ya Kaskazini, Nyuki ilicheza na Socozaki. Golikipa mmoja alishutumiwa kufanya dawa uwanjani, ugomvi ukawaka, polisi wakatumia gesi, na mbio zile zikaua watu zaidi ya kumi, wengi wao wakiwa bado watoto. Hapakuwa na kombe la Afrika pale. Zilikuwa timu mbili za nyumbani, na watu wanaojuana kwa majina.

Tuangalie vizuri watu hao walikufaje. Vurugu zilianzishwa na wachache, lakini vifo vilitokea kwenye mbio za kutoka. Mtu aliyevuta gesi haoni, anakohoa, anafuata tu mgongo wa mwenzake. Mlango ukiwa mwembamba, au mtu ameufunga ili wasio na tiketi wasiingie, wa mbele anaanguka na wa nyuma anazidi kusukuma kwa sababu hajui. Ndiyo maana kanuni za usalama za FIFA zinakataza gesi ya namna hiyo kutumiwa viwanjani. Aliyerusha chupa akamatwe yeye, afikishwe mbele ya sheria. Mtoto aliyekuja na baba yake, akakaa upande mwingine kabisa, amekosa nini hata apigwe gesi?

Viongozi wa timu nao wana sehemu yao, na hapa tutasema wazi. Kuna wanaoanza kumtukana mwamuzi kwenye redio siku tatu kabla ya mechi. Mpenzi akifika uwanjani ameshaambiwa nani mwizi, anasubiri tu kosa la kwanza. Timu yenye malalamiko iyaandike, iyapeleke kwa Linafoot, ingoje jibu. Jibu likichelewa, na mara nyingine linachelewa sana, ipige kelele huko huko kwenye maofisi.

Kabla ya mechi kubwa ijayo, tunaomba mambo yasiyohitaji uwanja mpya. Tiketi zisizidi nafasi zilizopo. Kila mlango uwe na mtu mwenye ufunguo, asiyeondoka, na yote ifunguliwe robo saa kabla ya filimbi ya mwisho. Ambulansi iwe ndani, injini ikiwa tayari. Polisi waache gesi kambini.

Na wewe uliyevaa jezi, ukiona jirani yako anainama kuokota jiwe, mshike mkono hapo hapo. Ni mwenzako wa timu moja, atakusikia wewe kabla ya polisi.