Ahabu Walau Aliuliza

Msidhani ardhi yetu ilianza kugawiwa kwa sababu ya kobalti. Katikati ya miaka ya 1970 serikali ya Mobutu iliikodishia kampuni ya Kijerumani OTRAG kilometa za mraba zipatazo 100,000 kaskazini mwa Shaba, irushe roketi. Wakulima wa kandokando ya mto Luvua, nani aliwauliza? Ahabu walau alimwendea Nabothi, akataja bei.

Tarehe 20 Mei 1978, siku moja baada ya askari wa miamvuli wa Ufaransa kushuka Kolwezi, maiti wangali barabarani, roketi ya pili ikarushwa. Ya tatu ilianguka Mobutu akitazama.

Leo sheria ya madini ya 2018 yazidai kampuni ziandikiane ahadi na wenyeji. Katika mtaa wenu, ahadi hizo zilisomwa lini, na mbele ya nani?