MADHABAHU SI KAUNTA YA VIDONGE VYA KUMBUKUMBU

Neno la leo ni kali kidogo, lakini limetoka kwa upendo.

Kuna biashara imeingia nyumbani mwa Mungu. Ibada ikiisha, kabla wazee wetu hawajafika langoni, tayari kuna ndugu ameshika mkebe: "Mama katika Bwana, hii inarudisha kumbukumbu. Dozi ni mikebe mitatu." Anataja ginkgo, anataja omega, anataja vitamini. Mama anafungua fundo la leso na kutoa pesa alizotumiwa na mwanawe za chakula.

Hiyo si huduma. Ni kumuuzia tumaini mtu mwenye hofu.

Utaniambia, "Pasta, kuna shuhuda!" Ushuhuda wa wokovu naupokea. Ushuhuda wa kidonge lazima upimwe, na hiki kimepimwa. Kule Marekani walichukuliwa watu 3,069 wenye miaka 75 na zaidi. Karibu nusu walimeza ginkgo mara mbili kwa siku. Wengine walimeza kidonge kisicho na dawa, bila kujua nani amepewa kipi. Walifuatiliwa miaka sita hivi. Majibu yalitoka 2008: ginkgo haikuzuia ugonjwa wa kusahau, yaani dimensia.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba vitamini B, vitamini E na mafuta ya omega visitolewe kama kinga ya dimensia. Pirasetamu nayo, ambayo wengi huiita "dawa ya akili", ilitengenezwa Ubelgiji 1964. Hadi leo haina ushahidi wa kutosha kwamba inawasaidia wenye dimensia. Hata dawa halali za daktari husaidia baadhi ya wagonjwa wa Alzheimer kwa kiasi tu. Haziponyi.

Usiseme "ni mmea tu, hauna madhara." Mzee anayetumia dawa ya kufanya damu iwe nyepesi, kama warfarini, akiongeza ginkgo anaweza kutokwa na damu kupita kiasi. Muuzaji alimuuliza anatumia dawa gani?

Sasa sikiliza jambo linaloniuma zaidi. Kusahau kunaweza kuletwa na upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, maambukizi ya mkojo au huzuni nzito. Mambo haya yana tiba, lakini ni lazima mtu apimwe kwanza! Miezi mitatu ya mikebe ni miezi mitatu ya kuchelewa kliniki.

Na kuna wenzao wasiouza mkebe ila wanauza uvumi. Shosho akizurura usiku, wanasema ni mchawi. Oktoba 2021, kule Marani, Kisii, akina mama wanne waliuawa kwa kushukiwa uchawi. Kanisa, tuamke! Kusahau si uchawi. Mkebe na uvumi ni ndugu wa tumbo moja: vyote viwili humzuia mama asifike kwa daktari.

Wataalamu walioandika katika jarida la Lancet mwaka 2024 walisema karibu nusu ya visa vya dimensia vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Kwa nini? Presha. Sukari. Sigara. Masikio yasiyosikia. UPWEKE. Umesikia hilo la mwisho? Wewe mwana uliye Nairobi, unatuma pesa za mkebe kwa sababu ni rahisi kuliko kwenda kuketi na mama. Hakuna kidonge cha upweke.

Walawi 19:32 inatuagiza tusimame mbele ya mwenye mvi. Haikusema tumsimamishe langoni tumuuzie.

Kwa hiyo, kuanzia Jumapili hii, hakuna mkebe utakaouzwa ndani ya ua la kanisa hili, awe anauza shemasi au mwimbaji. Na kila nyumba yenye mzee anayesahau: wiki hii mpeleke akapimwe presha, sukari, damu na masikio. Beba dawa zake zote, na mikebe pia, daktari aione. Kisha rudi, keti naye, mwite kwa jina lake, hata akikuuliza swali moja mara kumi.

Baba, tupe subira kwa waliotubeba mgongoni. Watusahau wao, tusiwasahau sisi. Katika jina la Yesu.

Kama una mzazi mzee, andika AMINA, halafu mpigie simu sasa hivi. 🙏