Alama ya Ubora Si Pambo la Karatasi

Wakulima wenzangu wa skimu za makazi, siku hizi vyama vyetu vya ushirika haviuzi maziwa ya madebe tu. Vingine vyatengeneza maziwa lala na yogati, vingine vyasaga unga, vingine vyatia asali katika chupa. Hayo ni maendeleo, na kila mtu ayaona. Lakini pamoja nayo imekuja desturi moja ambayo mimi, nikaaye katika ofisi ya kilimo na kupokea barua zenu kila siku, siipendi hata kidogo. Chama kikipata alama ya ubora kwa kitu kimoja, mara huibandika kila mahali: juu ya karatasi za barua, bahasha, risiti, kalenda ya mwaka mpya, hata ubavuni mwa lori. Nimepata kuona kadi ya kuwaita watu kwenye mkutano mkuu ikiwa na alama tatu, na jina la chama limebanwa chini kwa herufi ndogo kama mgeni asiyealikwa.

Mfikirie yule mkaguzi wa nyama. Akiisha kupima ng'ombe aliyechinjwa na kumwona hana ugonjwa, hupiga muhuri juu ya nyama yenyewe. Je, mwenye bucha akiuchora muhuri ule kwa rangi juu ya mlango wa duka lake, mtasemaje? Mtasema anataka tuamini ya kwamba nyama yote itakayopita mlangoni hapo, ya leo na ya mwaka ujao, imekwisha kupimwa. Hivyo ndivyo alivyo katibu anayechapa alama ya maziwa lala juu ya barua ambayo kwayo anauza pia yogati na unga.

Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, ambalo wengi huliita KEBS, lilianzishwa mwaka 1974 chini ya Sheria ya Viwango. Alama yake haitolewi kwa chama, wala kwa mwenyekiti, wala kwa jengo. Kibali hutolewa kwa bidhaa fulani yenye jina lake la biashara, na kina nambari yake na mwisho wake. Kuitumia alama bila kibali ni kosa mbele ya sheria. Basi ikiwa maziwa lala yenu yana kibali na yogati bado, alama ikae juu ya pakiti ya lala pamoja na nambari yake. Mkitaka kutangaza, chapeni picha ya pakiti ile ile, na maneno yaseme wazi ni bidhaa gani iliyopata kibali. Mnunuzi naye anaweza kuihakikisha: huandika SM#, halafu ile nambari iliyo chini ya alama, na kutuma ujumbe wa simu kwa 20023. Msidhani ya kwamba wanunuzi hawajui jambo hili. Wenye maduka makubwa ya mjini wanalijua sana.

Hapa ndipo watu wengi huchanganyikiwa, kwa maana kuna cheti cha namna nyingine ambacho kanuni yake ni kinyume kabisa. Chama kikipata cheti cha ISO 9001, kilichopimwa si maziwa. Kilichopimwa ni utaratibu wa kazi: jinsi mnavyoandika kumbukumbu, mnavyopokea malalamiko, mnavyosahihisha makosa. Alama ya wale waliowapima yaweza kuwekwa juu ya karatasi za barua, kwa masharti yao, lakini haikubaliwi juu ya pakiti wala juu ya maziwa yenyewe, maana mama anayenunua pakiti atadhani maziwa ndiyo yaliyopimwa. Tena, lile Shirika la Kimataifa la Viwango lenye makao Geneva, lililoanza kazi mwaka 1947, halimpi mtu ye yote cheti. Kazi yake ni kuandika viwango; wanaopima ni mashirika mengine. Nembo yake yenyewe hairuhusiwi kutumiwa na chama cho chote. Kuandika tu "tumethibitishwa na ISO" ni uongo, hata kama cheti cha kweli kimetundikwa ukutani.

Ninyi mnaolima mishiri ya kupeleka ng'ambo mna jambo lenu pia. Alama ya GLOBALG.A.P. ni ya mazungumzo baina ya mkulima na mnunuzi wa jumla. Haikubaliwi juu ya mfuko unaomfikia mlaji dukani. Na ile ya Kilimohai, iliyoletwa pamoja na kiwango cha kilimo hai cha Afrika Mashariki mwaka 2007, huhusu mazao yaliyokaguliwa kwa kiwango hicho, si kila kitu kinachotoka shamba la jirani aliyejiunga na chama juzi.

Mtaniambia, "Bwana Karani, tumelipia ukaguzi, tumejenga ghala, tumenunua mapipa ya chuma, mbona tusijivunie?" Jivunieni. Tena nakubali ya kwamba kanuni hizi huandikwa kwa Kiingereza kigumu, na katibu wa chama huachiwa azifumbue peke yake usiku kwa taa. Hilo ni kosa la wale wanaozitoa, na nimelisema ofisini. Lakini lori lenye alama isiyo haki huwaumiza watu wawili. Wa kwanza ni mwanachama, ambaye maziwa yake hukataliwa pamoja na ya wengine siku mnunuzi anapogundua. Wa pili ni jirani wa skimu ya pili aliyengoja kibali chake kwa uaminifu. Siku ile hata alama yake ya kweli yatazamwa kwa shaka.

Kumbukeni Novemba 2019. Mwezi ule KEBS ilisimamisha vibali vya unga wa mahindi wa majina matano kwa sababu ya aflatoksini, ile sumu ya ukungu ambayo kwa unga haitakiwi kupita sehemu 10 katika sehemu bilioni moja. Kibali chaweza kwisha au kusimamishwa kwa siku moja. Pakiti mwaweza kuzizuia ghalani. Je, kalenda elfu moja zilizokwisha kutundikwa katika nyumba za watu mtazirudishaje? Na karatasi za barua zilizochapwa za kutosha miaka mitatu?

Kwa maoni yangu, kichwa cha barua cha chama kitoshe kuwa na jina, sanduku la posta, nambari ya kuandikishwa kwa chama, na simu. Kabla ya kuchapa kitu chenye alama, katibu alete mfano wake ofisini pamoja na kibali chenyewe, tusome pamoja jina la bidhaa na tarehe ya mwisho. Haichukui hata nusu saa, wala hakuna ada. Na ninyi mliokwisha kuchapa karatasi zenye alama zisizostahili, msizitupe. Upande wa nyuma ni mweupe, na hesabu za maziwa ya kila asubuhi zataka karatasi nyingi.