UGONJWA WA MFANYA KAZI SI MALI YA TAJIRI



Tumeletewa fomu ambayo tajiri mmoja wa hapa mjini anawapa watu wake watie sahihi. Inasema kwa maneno matamu kwamba mfanya kazi amekubali faili lake la hospitali lisomwe na kampuni. Wengi wametia sahihi. Tulipowauliza kwa nini, walisema, "Mimi si mgonjwa, nifiche nini?"

Ndugu, jibu hilo linatuumiza kuliko fomu yenyewe. Leo huumwi. Kesho utashikwa na kifua au sukari, na dada yetu atashika mimba, karani wa ofisi aijue kabla ya mumewe. Siku orodha ya kupunguza watu itakapobandikwa, nani atakuambia kwa nini jina lako ni la kwanza?

Sheria ya Ajira ya 2007 yataka mgonjwa alete cheti cha daktari kwamba hawezi kazi. Cheti, si faili zima! Sheria ya 2006 juu ya ukimwi yakataza mtu kulazimishwa kupimwa ili apate kazi. Na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 yasema idhini sharti itolewe kwa hiari. Hiari gani, na msimamizi amesimama mgongoni akishika kalamu?

Mwaka 2015 Rais mwenyewe aliagiza yakusanywe majina ya watoto wa shule wenye virusi vya ukimwi. Watu walikwenda kortini, na Desemba 2016 Mahakama Kuu ikasema agizo hilo ni kinyume cha Katiba. Ikiwa Rais alizuiwa, tajiri huyu ni nani?

Hatusemi kila kitu kifichwe. Daktari wako mwambie yote, hata yale ya aibu, maana hawezi kutibu asilolijua. Na wataalamu wakitaka kuhesabu vifua vyetu, bila majina, wajue vumbi latufanya nini, sisi tutakuwa wa kwanza kukubali. Hesabu ya namna hiyo ni silaha yetu.

Lakini hapa pana jambo la kuchekesha. Wenzetu wa idara ya vumbi walipimwa mapafu kwa amri ya kampuni hiyo hiyo. Wameomba majibu yao mara tatu. Wameambiwa ni siri ya ofisi! Mapafu ni yao, kikohozi ni chao, karatasi ni ya bwana.

Waliokwisha kutia sahihi wasikate tamaa. Sheria yaruhusu mtu kuiondoa idhini yake wakati wowote. Barua za kuiondoa ziko tayari ofisini kwetu. Njoni Jumamosi baada ya kazi, na wasiojua kuandika watasaidiwa. Wa idara ya vumbi waje na kadi zao za kazi, kwani barua ya kudai majibu ya mapafu tutaiandika siku hiyo hiyo.